Matundu ya Gazeti na Masikio ya Urujuani

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyelijua kila jani kabla sisi hatujaanza kubishana kuhusu jina lake, kisha akatupa macho ya kutazamia vitu vidogo. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Namshukuru Mola kwa kunifikisha umri wa kustaafu nikiwa bado naona, ijapokuwa kwa miwani mbili, moja ya kutazamia na moja ya kuitafutia ile ya kwanza.

Huu ni mwezi wa nne tangu nirudishe funguo za makabati. Rahma, aliyekaa sasa kwenye kiti changu, ndiye aliyenitaka niandike. "Maalim," alinambia, "yaandike yote unayoyajua, tusije tukawa tunakusumbua kwa simu kila siku." Nikamjibu kwamba wananisumbua tayari, na kwamba siku watakapoacha nitaanza kuzunguka Forodhani jioni kuwasomesha wauza urojo majina ya Kilatini ya ndimu zao. Basi naandika, kwa ajili yake na watakaokuja baada yake. Vyeo vyangu sitavieleza, maana vingekwisha katika mstari mmoja, na mstari uliobaki ungeonekana mtupu.

Kazi yangu ilikuwa katika nyumba ya mimea mikavu. Kwa asiyeijua, ni vyumba vitatu vya ghorofani ndani ya Mji Mkongwe, vimejaa makabati ya chuma na harufu ya vidonge vya nondo. Ndani ya makabati mna karatasi nene, na juu ya kila karatasi pana mmea mmoja uliokaushwa, na pembeni pana lebo inayosema jina lake, ulipochumwa, na nani aliyeuchuma. Mtu akitaka kujua jani alilonalo ni la mmea gani, analileta, nasi tunalilinganisha na lililomo kabatini. Lililomo kabatini ndilo shahidi. Shahidi akiwa muongo, kila atakayemuuliza atadanganywa, na hadanganywi kwa ubaya bali kwa adabu zote na kwa mwandiko mzuri.

Siku yangu ya kwanza nilivaa kanzu iliyopigwa pasi mara mbili. Mkuu wa nyumba ile alikuwa Bi Sheikha, mwanamke mwembamba mwenye kioo cha kukuzia kilichoning'inia shingoni kwa uzi mweusi.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Unajua kushona?"

"Kushona nini, Bi?"

"Mimea. Shina likiwa nene gundi haitoshi, hulishonea kwenye karatasi kwa uzi. Ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Nikisomesha watoto Kurani, Bi."

"Basi una subira. Keti, Maalim."

Jina hilo likanikaa mpaka leo, hata kwa watu wasiojua kwamba nimewahi kusomesha. Nilishona siku nzima, nikajichoma vidole vitatu. Jioni Bi Sheikha aliikagua kazi yangu, akaniambia kwamba tone la damu kwenye lebo halihesabiwi kuwa sahihi ya mchumaji.

Yeye ndiye aliyenifundisha kutazama. Kijana yeyote akipewa mmea hukimbilia ua, nami nilikuwa hivyo hivyo. Bi Sheikha alikuwa akilifunika ua kwa kidole gumba chake. "Ua ni la kumpendeza nyuki," alikuwa akisema. "Wewe si nyuki, Maalim. Nambie kwanza majani yamekaaje, yanakabiliana au yanapishana? Kisha tazama pale jani linaposhikana na shina. Kuna masikio au hakuna?" Masikio aliyoyakusudia ni vijani viwili vidogo mno, vyembamba kama ncha ya sindano, vinavyokaa ubavuni mwa jani pale linapoanzia. Mimea mingi haina. Iliyo nayo, inayo hata ua likikauka, hata likianguka, hata likiliwa na mende.

Alinifundishia hayo kwa urujuani wetu wa mwituni. Mtu akisikia urujuani hufikiri kitu cha kwenye picha za Ulaya, lakini ukoo huo ni mkubwa, na katika misitu ya pwani ya bara wamo ndugu zake ambao ni miti kamili. Wetu ni mmea mdogo usiofika goti, unaoota kwenye mchanga na baina ya mawe. Majani yake ni membamba na yanapishana, na masikio anayo. Ua lake lina petali tano. Nne ni ndogo, zimejibana nyuma kama wageni waliokuja bila kualikwa, na ya tano, ya chini, ni pana, ya zambarau iliyofifia, imening'inia kama ulimi. Tunda lake likikauka linafunuka mapande matatu, kila pande mfano wa kihori kidogo kilichopakia mbegu. Kuna mmea mwingine, poligala, unaofanana nao kwa umbo na kwa rangi mpaka ukakasirika. Lakini poligala ua lake lina mbawa mbili ubavuni, tunda lake ni bapa na lina vyumba viwili tu, na masikio hana. Haya nilikuwa nayajua kwa moyo tangu mwaka wangu wa kwanza. Nataka msomaji alikumbuke hilo, kwa sababu linanizidishia aibu.

Sasa nije kwenye magazeti. Mmea mbichi hulazwa baina ya kurasa za magazeti makuukuu, ukabanwa kwa mbao mbili na mikanda, na kurasa zikabadilishwa kila siku mpaka jani likauke likiwa limenyooka. Magazeti yetu mnayajua. Tangazo la kifo huanza kwa aya, na ukurasa wa mawaidha ya Ijumaa ni aya na hadithi tupu. Mimi sikuweza kulaza magugu yenye matope juu ya jina la Mwenyezi Mungu. Nikachukua wembe, nikawa nakata kila pahala palipotajwa, na vipande nikivihifadhi kwenye kopo la biskuti ili niende nikavichome kwa heshima nyumbani. Nilifanya hivyo miezi miwili bila kumwambia mtu.

Asubuhi moja nikasikia sauti kutoka chumba cha pili.

"Maalim Khamis!"

"Naam, Bi."

"Njoo uone. Panya wa jengo hili wamehitimu."

"Wamehitimu nini, Bi?"

Alikuwa amenyanyua gazeti kwenye mwanga wa dirisha, limetoboka kama chujio. "Wamekula aya tupu. Matokeo ya mpira wameyaacha, bei ya karafuu wameiacha. Hawa wamesoma chuo gani?"

Nikakiri. Alicheka, kama nilivyotarajia, lakini nia yangu hakuicheka. "Mungu akulipe kwa adabu yako," alisema. "Lakini mmea haulali juu ya tundu. Penye tundu hapana kinachoubana, ua litajikunja litakavyo. Ukitaka kuliheshimu jina la Mola wako usilikate, liweke kando zima zima. Hizi zilizotoboka zitupe, uchague kurasa za mpira."

Tangu siku hiyo mimea ya Unguja imekauka juu ya mabao ya watu. Nikatii, isipokuwa kwa jambo moja. Lile bunda la kurasa nilizokwisha kuzitoboa sikulitupa. Niliona hasara. Nikaliweka chini ya meza.

Siku chache kabla ya Ramadhani ya mwaka ule nilitumwa Makunduchi peke yangu kwa mara ya kwanza. Huko nilikutana na Bi Mwanaidi, wakati huo mwanamke kijana, aliyekuwa ameanza karibuni kazi ya ukandaji aliyorithi kwa mama yake. Mkandaji ndiye anayemshughulikia mzazi, mwanamke aliyejifungua, katika siku arubaini zake, akamkanda kwa maji ya moto yaliyochemshwa majani. Kimakunduchi chake sitajaribu kukiandika, nitakiharibu, na yeye hatanisamehe. Nilimkuta kwenye uwanda wa mawe anachuma kimmea chenye ua la zambarau.

"Bi, naomba na mimi kimoja, pamoja na mizizi yake."

"Cha nini? Mkeo kajifungua?"

"Sina mke bado."

"Basi wewe unaanza mwisho."

Akanichumia vinne, vyenye maua na vyenye matunda, akanionyesha pale vinapopenda kuota. Nilimuuliza jina lake mwenyewe, nikaliandika kwenye daftari langu. Kurasa za mpira zilikuwa zimekwisha, nikafungua mkoba, nikatoa lile bunda la chini ya meza, maana nilikuwa nimelichukua kwa tahadhari. Nikavilaza.

Mnaona wenyewe kilichotokea. Niliporudi mjini na kufungua mbao, ua zuri kuliko yote lilikuwa limeangukia tunduni. Ile petali pana ilijikunja katikati, ikasimama pande mbili kama mbawa. Matunda yalipenya tundu kwa tundu mpaka nje ya mkoba, na sijui yameotea wapi. Bi Sheikha alikuwa amekwenda umra. Nikakaa peke yangu na kitabu, nikatazama mbawa, nikaandika kwa wino wangu bora kabisa: poligala. Chini yake: mchumaji, Khamis. Jina la aliyenionyesha sikuliandika. Bi Sheikha aliporudi, karatasi ilikuwa imeshaingia kabati la tatu, na nani anafungua kabati kutafuta kosa asilolijua?

Ilikuwa karatasi yangu ya kwanza, na niliipenda kama mtu anavyompenda mwanawe wa kwanza, yaani bila kumchunguza. Miaka yote hiyo kila mgeni aliyetutembelea nilimfungulia kabati la tatu. Bi Sheikha alistaafu, akafariki, Mungu amrehemu na ailaze roho yake pema, nami nikapokea kioo chake cha kukuzia pamoja na ule uzi mweusi. Nikawa mtu wa kuulizwa. Niliwahi kuitwa hoteli moja ya Kiwengwa kuthibitisha kwamba vyungu vilivyopangwa mezani ni urujuani wa Afrika. Nikawaeleza kwa upole kwamba hilo ni jina la biashara tu, na kwamba ua lile, lililotoka milimani bara, halina udugu wowote na urujuani. Meneja alinuna, chai niliyoahidiwa haikuja. Nilirudi mjini nikijisikia mtu mwenye macho makali sana. Karatasi yangu wakati huo ilikuwa kabatini, imetulia.

Wiki tatu kabla ya kustaafu kwangu, Rahma aliingia chumbani na barua mkononi, na nyuma yake akaingia mwanamke mtu mzima aliyejifunga kanga mbili, na kikapu cha ukili begani. Nilimjua kwa namna alivyonitazama.

"Wee Khamis. Ulishapata mke?"

"Nilipata, Bi Mwanaidi, alhamdulillahi. Na wajukuu."

"Walipozaliwa, nani aliwakanda mama zao? Si mimi. Na sasa hatokandwa mtu tena, kwa ajili yako."

Rahma akanieleza. Ofisi inayosajili watu wa tiba asili ilitaka kila mmoja aonyeshe mimea anayoitumia. Bi Mwanaidi alipeleka yake, akaeleza kwamba huu wa zambarau ni ule ule aliompa mtu wa mjini zamani, na karatasi yake imo katika nyumba ya mimea, wakatazame. Ofisi ikamletea Rahma sampuli. Rahma akafungua kabati la tatu, akalinganisha, akaandika kwamba haviwiani. Ofisi ikafahamu kwamba mkandaji huyu anabadilisha majani na kuwadanganya watu. Walimpa mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo jina lake linafutwa, na haruhusiwi kumgusa mzazi yeyote.

"Mama yangu alikanda kwa jani hili," alisema Bi Mwanaidi. Mzaha ulikuwa umemtoka. "Nimewakanda wanawake, nikawakanda na binti zao. Jana mke wa jirani yangu kajifungua, mama mkwe wake kapita mlangoni kwangu kenda kumtafuta mtu mwengine. Hakunitazama. Mimi muongo, Khamis?"

Nilikwenda kabati la tatu mwenyewe. Nikaileta karatasi, nikaiweka karibu na dirisha, nikavaa miwani, nikashika kioo. Nililitazama ua. Mbawa zilikuwapo, kama siku zote. Kisha, sijui kwa nini, au najua, nikaliwekea kidole gumba.

Pale jani linaposhikana na shina palikuwa na masikio mawili. Nikashuka jani la pili. Mawili. La tatu, mawili. Yalikuwa pale miaka yote, yamekauka, yamesimama wima, yanasubiri mtu ayatazame.

"Rahma," nilisema, "ulipolinganisha, uliyaona haya?"

Aliinamisha kichwa. "Niliyaona, Maalim."

"Ukasemaje?"

"Nikasema macho yangu mabovu. Lebo ni ya kwako."

Katika kazi yangu yote hakuna neno lililonichoma kama hilo, na sindano za Bi Sheikha nazihesabu.

Bi Mwanaidi hakuwa na habari na masikio. Alifungua leso yake juu ya meza, akamwaga matunda makavu, yote yameshafunuka. Akalisogeza moja mbele yangu kwa kidole.

"Hebu hesabu."

"Moja, mbili, tatu."

"Na hiyo iliyoandikwa kwenye karatasi yako ina ngapi?"

"Mbili."

"Ulikuwa ukisomesha watoto wewe," alisema. "Mungu awape wazee wao subira."

Rahma alicheka kwanza, kisha akaziba mdomo, kisha nikacheka mimi, ndipo akaruhusika. Nikawaeleza habari ya matundu, na wembe, na kopo la biskuti, na bunda la chini ya meza. Bi Mwanaidi alisikiliza mpaka mwisho. "Basi Mola wako hakukukosesha," alisema. "Alikutumia bibi akakwambia tupa, ukaona hasara."

Nikachukua kalamu.

"Ichane hiyo," alisema Bi Mwanaidi.

"Hatuchani, Bi. Wala hatufuti. Tukikosea, lebo ya zamani inabaki pale pale, na pembeni yake tunabandika kijikaratasi chenye jina sahihi, na jina la aliyesahihisha, na siku yenyewe. Atakayekuja anaona vyote viwili."

"Kwa hiyo kosa lako litakaa humu hata tukishakufa?"

"Litakaa."

Naona hiyo ilimpendeza. "Vizuri," alisema. "Na mimi nimo?"

Nikafungua daftari langu la siku zile, nikamwonyesha jina lake, kwa mwandiko wa kijana asiye na mke. Lakini kwenye lebo hakuwamo. Hilo halikuwa kosa la gazeti. Basi nikaandika kijikaratasi: urujuani wa mwituni, na jina lake refu la Kilatini, mmea umeonyeshwa na Bi Mwanaidi, mkandaji, Makunduchi, aliyekosea na aliyesahihisha ni mtu mmoja, Khamis. Hiyo ya mwisho haimo katika taratibu zetu, lakini zilibaki wiki tatu tu, nani angenifukuza? Matunda tukayatia kwenye bahasha ndogo, tukaibandika kwenye karatasi, mahali ambapo hayatapenya tundu tena.

Barua ya ofisi niliiandika mwenyewe siku ile ile, nikaeleza kwamba shahidi aliyesema uongo ni wa kwetu na si wa kwake, nikatia sahihi. Rahma alitia yake chini ya yangu, kwa mkono ulionyooka. Tukaipeleka kwa miguu, sote watatu, kwa kuwa sikutaka kuiamini bahasha peke yake. Kabla ya mwisho wa mwezi Bi Mwanaidi alipiga simu. Jina lake halifutwi tena, alisema, na yule mama mkwe amekuja mlangoni kuomba radhi, na yeye amemfanya angoje kidogo barazani, si sana, kiasi cha maji kuchemka.

Siku ya kuniaga, wenzangu walinipa fremu. Walikuwa wamekusudia tangu zamani kunipigia picha ya karatasi yangu ya kwanza, wasijue yatatokea nini, na Rahma alikuja kuniuliza kwa haya kama wabadilishe zawadi. Nikamwambia waipige kama ilivyo. Sasa imetundikwa sebuleni, na lebo zake mbili. Mke wangu anasema ni mara ya kwanza kumwona mwanamume akitundika kosa lake ukutani, na ameniuliza kama ninahitaji fremu nyingine, maana anayo orodha.

Enyi mtakaokaa kwenye viti vile, kurasa za mpira zimo sandukuni upande wa kulia. Masikio kwanza, ua baadaye. Mnachokiona kwa kioo kiandikeni, hata kama lebo iliyotangulia ni ya mtu mnayemwita Maalim. Na mkifungua kabati la tatu mtaona kwamba kijikaratasi changu nimekibandika juu kidogo, karibu na lebo ya zamani. Nimefanya makusudi. Chini yake nimeacha nafasi ya kutosha kingine, kwa atakayeona ambacho mimi sikukiona.

Ewe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akupe macho yasiyolidharau dogo, akupe na ulimi mwepesi wa kusema nimekosea. Akusitirie yako kama alivyonisitiria yangu miaka yote ile, na siku atakapoyafunua, ayafunue mbele ya watu watakaokucheka kwa mapenzi. Amin.